Vituo tisa kwenye njia ya kivuli: safari ya kuikamata asteroidi

Nimeandika haya baada ya kurudi, daftari likiwa mezani na picha za simu zikinikumbusha nani alikuwa wapi. Wengi wameniuliza kwa nini kundi la watu litawanyike gizani, kila mmoja mbali na mwenzake, kuvizia nyota ambayo jicho tupu haliioni. Jibu limo humu.

Asteroidi, yaani jiwe la angani linalozunguka Jua, inapopita mbele ya nyota, kivuli chake huanguka duniani. Nyota iko mbali mno hata miale yake hutufikia ikiwa sambamba, kwa hiyo kivuli kina upana ule ule wa asteroidi. Yetu ilikadiriwa upana wa kilomita 42, na kivuli kingepita kutoka mashariki kwenda magharibi kwa kasi ya kilomita 12 hivi kwa sekunde. Aliye katikati ya njia angeona nyota ikizimika kwa sekunde 3.5. Aliye pembeni angepata muda mfupi zaidi, na aliye nje asingeona badiliko lolote. Kila anayepima muda huo anapata mstari mmoja unaopita juu ya umbo la asteroidi; sisi tunauita mkato. Mkato mmoja ni urefu tu. Mikato sita au saba iliyopangwa vizuri inachora umbo la jiwe ambalo hata kwenye darubini nzuri ni nukta.

Majina ya mahali nimeyaacha kwa sababu tulilala kwenye mashamba ya watu. Vituo nimevitaja kwa jinsi tulivyoitana wenyewe: kilomita ngapi kaskazini au kusini ya mstari wa katikati.

Jumatano: kugawana mistari

Kazi ngumu kuliko zote ilifanyika kabla gari halijawashwa. Kila mtu anataka katikati. Nawaelewa: umebeba darubini, umekosa usingizi, unataka kuiona nyota ikizimika. Lakini watano wakijipanga kwenye mstari mmoja, wanarudi na kipimo kile kile mara tano na jiwe linabaki halijulikani.

Ramani yetu ilitoka kwenye OccultWatcher, programu ya Hristo Pavlov. Inaonyesha njia ya kivuli na kila mtazamaji anatangaza humo kituo chake, ili anayefuata aone pengo liko wapi. Tuliweka kituo kila kilomita 6, kuanzia Kaskazini 24 hadi Kusini 24. Nusu ya upana wa kivuli ni kilomita 21, maana yake vituo viwili vya mwisho viliwekwa nje ya njia kwa makusudi. Tunaviita uzio. Asiyeona kitu kwenye uzio anatuambia jiwe haliwezi kufika pale alipo, na hicho ni kipimo kamili kama kile cha aliyeona.

Zamani mpango wa namna hii usingewezekana, kwa kuwa utabiri uliweza kukosea kwa zaidi ya upana mzima wa kivuli. Chombo cha Gaia, kilichorushwa na Shirika la Anga la Ulaya mwaka 2013, kilipima mahali pa nyota kwa usahihi ambao haukuwahi kuwapo, na kwa asteroidi iliyofuatiliwa vizuri kosa limeshuka hadi kilomita chache. Kilomita hizo chache ndizo zinazoufanya uzio uwe wa lazima.

Katikati alipewa mzee wetu wa miaka mingi katika kazi hii. Hatukumpa kwa ajili ya cheo. Lami inafika pale na magoti yake hayawezi tena matuta. Kusini 24 ilichukuliwa na mwalimu wa sekondari, mgeni kwetu, ambaye alikuwa hajawahi kuona nyota ikifichwa. Nilimweleza wazi.

"Mwalimu, huenda usione kitu usiku kucha. Tunakuhitaji hivyo hivyo."

"Mkishaniandika, nitakaa," akasema.

Fedha tulizigawa hivi: mafuta ya magari yote yaliingia kwenye chungu kimoja, kikagawanywa sawa bila kujali nani anakwenda mbali. Mafuta yalikula zaidi ya nusu ya mchango. Nawashauri wanaopanga safari kama hii wafanye vivyo hivyo, kwani gharama ikiwa ya kila mtu na gari lake, vituo vya mbali hukosa watu.

Tuliondoka alasiri. Saa tatu za kwanza za barabara hazina la kusimulia.

Alhamisi: lami inaisha

Sehemu yangu ilikuwa vituo vitatu: Kusini 6, ambako ningekaa mwenyewe, na Kusini 12 na Kusini 18, ambako tungeacha vifaa vikirekodi bila mtu. Tulikuwa wawili garini, mimi na fundi wa redio ambaye vifaa vya umeme vinamtii. Kutoka Kusini 6 hadi Kusini 18 ni kilomita 12 kwenye ramani. Barabarani zilikuwa zaidi ya 50, kwa sababu ya mto.

Daraja tulilolitegemea lilikuwa limefungwa kwa matengenezo. Kijana aliyekuwa akizuia magari alituchorea kwa kijiti mchangani njia ya kuzunguka, akatuonya kuhusu bonde lenye tope. Tulilifikia bonde lile, tukaliona kwa macho, na bado gari lilizama. Tukakaa hapo karibu saa mbili. Dereva wa lori la mchanga alisimama bila kuitwa, akafunga mnyororo, akatutoa, akakataa chochote isipokuwa maelezo ya ile mirija myeupe nyuma ya gari. Fundi alipomwambia tunakwenda kupima jiwe lililo mbali kuliko Mirihi, alizima injini ili asikie vizuri.

Jambo moja la kuwafaa watakaofuata: si lazima kituo kiwe pale ulipokipanga mwanzo. Kinachohesabika ni umbali kutoka mstari wa katikati. Ukiteleza mashariki au magharibi sambamba na njia ya kivuli, mkato wako haubadiliki. Wakati wa tukio tu ndio unasogea kwa sekunde chache. Kwa hiyo ukikuta tope, taa za kiwanda au mbwa wakali, usirudi nyuma wala usisogee kuelekea kwa jirani yako. Fuata mstari hadi pale barabara nyingine inapoukata. Kusini 18 tuliihamisha kilomita 9 mashariki kwa njia hiyo, na pengo kati yetu na mwalimu halikuongezeka hata kidogo.

Kusini 12 iliangukia kwenye shamba la mama mmoja mtu mzima. Alitukuta getini tukiangalia GPS, na uso wake haukuwa wa kukaribisha.

"Mnapima ardhi ya nani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Watu wanaokuja na vifaa vya miguu mitatu na ramani mara nyingi huondoka na mpaka mpya. Tulimsalimia, tukamwomba radhi kwa kusimama getini, tukamwonyesha ramani ya kivuli ilivyo na mistari miwili ya pembeni. Akauliza kivuli kina madhara kwa mifugo. Tukamwambia hakisikiki wala hakionekani. Nyota moja ndogo inazimika kwa sekunde tatu na kurudi. Akafikiri kidogo.

"Basi wekeni nyuma ya zizi, wanangu. Mbele upepo utawasumbua."

Alikuwa sahihi kuhusu upepo. Jioni ile alituletea chakula cha moto na akamkabidhi mjukuu wake ulinzi wa vifaa, kazi ambayo kijana yule aliifanya kwa bidii kuliko mlinzi wa kuajiriwa.

Ombeni ruhusa mchana, na uso kwa uso. Anayekuta taa nyekundu na watu wawili shambani kwake usiku wa manane hana sababu ya kuwaamini, na ramani iliyochapishwa kwenye karatasi inaeleweka haraka kuliko skrini ya simu.

Ijumaa: nyota tangulizi

Asubuhi ilikuwa ya kulala. Mchana fundi alichaji betri na kukagua saa.

Suala la saa ndilo linalowashinda wengi. Kwa kasi ya kilomita 12 kwa sekunde, ukikosea sehemu moja ya kumi ya sekunde umelihamisha jiwe kilomita 1.2. Saa ya simu haiaminiki kwa kazi hii. Kila kituo chetu kilikuwa na kifaa cha GPS kinachogonga muda juu ya kila fremu ya video, fremu 25 kwa sekunde, na muda wote tuliuandika kwa UTC, saa moja inayotumika dunia nzima, ili asiwepo wa kubadilisha saa kichwani akiwa na usingizi. Tulikagua muhuri wa GPS kabla na baada ya kurekodi, vituo vyote, bila kumwachia mtu.

Nyota yetu ilikuwa na mwangaza wa daraja la 9.4, hafifu zaidi ya mara ishirini kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho tupu linaiona penye giza. Unaielekezaje kamera isiyo na mtu, saa kadhaa kabla nyota haijafika mahali pake? Unatafuta nyota nyingine iliyo kwenye latitudo ile ile ya anga, inayotangulia. Tuseme inaitangulia yetu kwa saa moja na dakika ishirini. Saa moja na dakika ishirini kabla ya tukio, unaiweka nyota tangulizi katikati ya picha, unakaza kila skrubu, unaondoka. Mbingu zinazunguka zenyewe, na kwa wakati wake nyota unayoitaka inaingia mahali pale pale. Mtu mmoja mwenye lenzi ndogo kadhaa anaweza kuacha vituo vitatu au vinne na kuwahi cha mwisho. Njia hii imewapa watazamaji wa kujitolea mikato mingi ambayo wasingeweza kuipata kwa idadi yao.

Kwa Kusini 18 tulichagua nyota inayotangulia mapema zaidi, ili tupate muda wa barabara. Fundi alikaza skrubu, akafunika betri kwa blanketi, akafunga mkanda wa joto kwenye lenzi kuzuia umande. Tukapita Kusini 12, tukafanya vile vile nyuma ya zizi, mjukuu akituhesabia dakika kwa sauti. Kusini 6 tulifika tukiwa na nafasi ya kutosha, lakini si ya kukaa.

Kituo hiki kilikuwa uwanja wa shule, na taa kubwa ya ulinzi ilikuwa ikitumulika machoni. Mlinzi wa usiku alimpigia mkuu wa shule, ambaye tulikuwa tumeshazungumza naye mchana, na taa ikazimwa hadi tumalize. Nilimsimulia mlinzi habari ya Comodoro Rivadavia, mji wa Argentina. Julai 2017 watafiti walifika huko na darubini zao ndogo kuvizia kivuli cha Arrokoth, jiwe lililo mbali kuliko Pluto ambalo chombo cha New Horizons kilikuwa njiani kulitembelea. Wenyeji walizima taa za barabarani, wakafunga barabara kuu kwa saa mbili ili taa za magari zisiharibu giza, na malori yakaegeshwa kukinga upepo. Umbo lililopatikana kwenye vivuli vya mwaka ule lilidokeza jiwe lenye vipande viwili, na chombo kilipofika tarehe 1 Januari 2019 picha zilionyesha hivyo hivyo. Mlinzi alisikiliza, kisha akaenda mwenyewe kuzima na taa ya choo.

Mawingu yalianza kuingia kutoka kaskazini. Ujumbe ulikuja kwa mfululizo: Kaskazini 24 safi, Kaskazini 18 safi, Kaskazini 6 wingu. Mtazamaji wa Kaskazini 6 aliuliza kama ahame. Nilimjibu abaki, kuhama dakika kumi kabla ya tukio ni kupoteza kituo kwa hakika, na wingu huweza kufunguka. Halikufunguka.

Saa nane usiku na dakika zake, tulianza kurekodi mapema na kuendelea baadaye, dakika kadhaa kila upande. Sababu ya kutokata mapema ni kwamba asteroidi huweza kuwa na mwezi wake. Machi 2022 watazamaji waliotawanyika kuvizia kivuli cha Polymele, moja ya asteroidi ambazo chombo cha Lucy kitazipita, walipata pia mzimiko wa pili wa kitu kidogo pembeni, na hivyo mwezi wake ukagunduliwa. Pete za Chariklo, jiwe jingine la angani, ziligunduliwa vivyo hivyo mwaka 2013: nyota ilififia kidogo kabla na baada ya tukio lenyewe. Aliyezima kamera mapema asingekuwa na la kuripoti.

Kwenye skrini nyota yetu ilikuwa nukta tulivu upande wa kulia. Fundi alikuwa akihesabu. Nukta ikatoweka. Haikufifia pole pole. Ilikuwepo, na fremu iliyofuata haikuwepo. Nilihisi kifua kikinibana kwa urefu wa muda ule, kisha ikarudi kwa nguvu ile ile. Mlinzi, ambaye alikuwa akiangalia begani kwangu, alipaza sauti kana kwamba timu yake imefunga. Tulikumbatiana sote watatu, na kamera ikaendelea kurekodi.

Jumamosi: kukusanya

Hatukulala sana. Kusini 12 tulimkuta mama ameshaamka, mjukuu amekaa kando ya zizi na ripoti kamili: mbuzi mmoja alikaribia, alifukuzwa, hakugusa kitu. Fundi alirudisha video nyuma mezani kwake na kumwonyesha mama sekunde zile. Aliomba azirudie, akamwita jirani, akaomba tena. Kusini 18 blanketi lilikuwa limelowa lakini kadi ya kumbukumbu ilikuwa salama.

Ripoti ziliingia moja moja tukiwa barabarani. Kaskazini 24, hakuna. Hiyo tuliitarajia. Kaskazini 18, hakuna. Hapo nilimwomba fundi asimamishe gari pembeni. Utabiri ulimpa mtazamaji yule karibu sekunde mbili, na yeye ni mtu makini: anga lilikuwa safi, nyota ilionekana muda wote, muhuri wa GPS ulikuwa sawa. Kaskazini 12 alipata sekunde 2.3, pungufu ya alizotabiriwa. Jiwe lilikuwa limepita kusini zaidi ya tulivyopanga.

Ikiwa ni hivyo, Kusini 24 haikuwa tena nje ya njia. Nilimpigia mwalimu. Alikuwa amelala, na ujumbe wake aliuandika saa tisa usiku, mtandao haukuupeleka. Alikuwa na sekunde 1.1. Alisema kwa muda alidhani jicho lake limechoka, akarudia video mara kadhaa, kila fremu, akiogopa kututangazia kitu kisichokuwepo. Tulimsikiliza kwenye spika ya simu tukiwa tumeegesha chini ya mti, na fundi, ambaye hasemi sana, alimwambia, "Hongera mwalimu, umetupa ukingo."

Mtandao wa simu usifanywe uti wa mgongo wa mpango. Kila mtu awe na karatasi yenye saa, mahali pa nyota na cha kufanya mambo yakiharibika, na asitegemee kuulizwa wala kujibiwa usiku ule.

Jumapili: jiwe linapata umbo

Barabara ya kurudi ilikuwa ndefu na kavu.

Jioni nilikaa na michoro ya mwanga kutoka vituo vyote. Sita vilikuwa na mzimiko, viwili vilithibitisha hakuna, kimoja kilikuwa chini ya wingu. Ukiipanga mikato kwenye karatasi, kivuli kilipita kilomita 4 hivi kusini mwa utabiri. Katikati, mzee wetu alipata sekunde 3.4, sisi Kusini 6 tulipata 3.5, Kusini 18 ilikuwa na 2.6. Duara la kilomita 42 linakaa vizuri juu ya vipimo hivyo, isipokuwa kimoja. Nyuma ya zizi la mama, Kusini 12, nyota ilichelewa kuzimika kwa sekunde 0.3, na ikarudi kwa wakati wake. Hizo ni karibu kilomita 4 za jiwe zinazokosekana upande mmoja. Tulikagua muhuri wa GPS mara nyingine na tena na haukuwa na kasoro. Inaelekea pale kuna bonde, pengo kubwa kwenye ukingo wa jiwe, na kama tusingekuwa na majirani pande zote mbili wenye vipimo vya kawaida, tungesema tu kwamba jiwe ni dogo kuliko ilivyodhaniwa.

Ndiyo maana nasisitiza vituo vya "hakuna" viandikwe na kutumwa. Wapo wanaokunja darubini na kunyamaza kwa sababu hawakuona kitu. Bila Kaskazini 18, ukingo wa kaskazini ungeweza kuchorwa popote, na hata hesabu ya bonde ingeyumba. Tulituma ripoti zote tisa kwa waratibu wa IOTA, shirika la kimataifa la watazamaji wa matukio haya, pamoja na ile ya wingu, ili atakayetathmini ajue pale palikuwa na pengo.

Ukingo wa kusini umebaki wazi. Mwalimu alipaswa kuwa uzio wetu na akawa mkato, kwa hiyo kusini yake hatukuwa na mtu wa kuthibitisha hakuna. Asteroidi hii hii itaficha nyota nyingine, hafifu kidogo, kabla ya mwaka kwisha, na safari hiyo tutaongeza kituo kimoja kila upande. Mjukuu wa mama ameomba afundishwe nyota tangulizi. Mwalimu nilimpa nafasi ya Katikati. Ameikataa, ameomba Kusini 30.